Vidonge vya utamu kwenye chai ya Mama

«Docta, jambo. Mama yangu ana miaka 63 na kilo 60 hivi, tunaishi Kadutu, hapa Bukavu. Ana ugonjwa wa sukari, anameza metformini asubuhi na jioni, na glibenklamidi asubuhi. Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliye Brussels alitutumia viboksi vya vidonge vidogo vya kutia kwenye chai badala ya sukari. Juu yake imeandikwa "cyclamate, saccharine". Mama anatia viwili kila kikombe, na kwa siku anakunywa vikombe vinne au vitano. Sasa mama mmoja wa kanisani kwetu anasema vitu hivyo vinaleta kansa na kuharibu figo, afadhali asali. Mimi mwenyewe nimeona kidonge kikiingia kwenye chai kinatoa povu kama sabuni, nikaogopa. Mtoto wangu wa miaka minne naye ameanza kuvila kama bonbon. Juma lililopita Mama alitetemeka na kutoka jasho jingi kabla ya chakula cha mchana. Tukampa chai yake na vidonge, akalala, baadaye akawa sawa. Je, tuvitupe? Na ninaweza kuvitumia kwenye mandazi?»

Dada, umeuliza mambo mengi mazuri, lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza. Umelitaja kama habari ya kupita tu: Mama alitetemeka, akatoka jasho, mkampa chai yenye vidonge.

Mtu aliyemeza glibenklamidi asubuhi, akitetemeka na kulowa jasho kabla ya kula mchana, mimi nahesabu kwamba sukari yake imeshuka, hata kabla sijashika mashine ya kupimia. Dawa hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Mama akiwa amekunywa chai tupu asubuhi na chakula kimechelewa, insulini inaendelea kuondoa sukari kwenye damu mpaka ubongo unaanza kukosa. Saa hiyo anahitaji sukari yenyewe, ile nyeupe ya dukani. Chai mliyompa ilikuwa tamu mdomoni, lakini haikuwa na hata chembe ya sukari, labda ile ya maziwa kama mlitia. Aliamka salama kwa sababu ini lake lilitoa akiba yake. Siku nyingine akiba hiyo inaweza isitoshe.

Kwa hiyo, kabla hatujazungumzia kansa, wekeni nyumbani kopo la sukari ya kawaida na kila mtu ajue lilipo, hata kama Mama haionji kamwe siku nyingine. Akitetemeka, akitoka jasho, akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kukasirika bila sababu, mpeni vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ndogo ya sukre, yaani soda. Iwe sukre ya kawaida, si ile iliyoandikwa «light» au «zéro», maana hiyo nayo imetiwa utamu wa aina ya vidonge hivi. Ngojeni dakika 15. Kama mna mashine, pimeni: ikiwa bado chini ya 70 (mg/dl), mpeni tena kiasi kilekile. Akipata nafuu ale chakula cha kweli. Akiwa hajitambui, msimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlazeni kwa ubavu na mkimbie hospitali. Na hata akizinduka nyumbani, glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena usiku. Mtu aliyezimia kwa dawa hii anapaswa kuangaliwa hospitalini, asiachwe nyumbani kwa kuwa sasa anacheka na wajukuu.

Sasa tuje kwenye vidonge vyenyewe.

Ulimi wako una chembe ndogo zenye vipokezi, yaani protini zinazongojea kuguswa na kitu fulani. Kile cha utamu ni protini mbili zilizoshikamana. Watafiti walizitambua mwaka 2001. Sukari ikigusa hapo, neva hupeleka habari kwenye ubongo: kuna kitu kitamu. Sakarini, siklamati, aspatame na wenzao wana umbo linaloweza kukaa kwenye kipokezi hichohicho, na wengine hukishika kwa nguvu kuliko sukari. Ni kama mtu aliyepiga hodi, mkafungua mlango, na hakuna mgeni aliyeingia. Ulimi umepata habari, lakini damu haikupokea kitu. Sakarini hupita mwilini bila kuvunjwa na kutoka kwenye mkojo jinsi ilivyoingia. Aspatame huvunjwa, ila inayotumika ni kidogo mno kiasi kwamba nguvu yake haihesabiki.

Udogo wa kidonge unatokana na hapo. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Sakarini ina utamu wa sukari mara 300 au zaidi, aspatame mara 200, sukralosi mara 600, kwa hiyo miligramu chache zinatosha kikombe. Siklamati ndiyo dhaifu kati yao, mara 30 mpaka 50 tu. Mbona basi wameichanganya na sakarini kwenye kiboksi chenu? Kwa sababu sakarini ikiwa peke yake hugusa pia vipokezi vya uchungu, na kuacha ladha kama ya chuma nyuma ya ulimi. Watengenezaji waligundua kwamba sehemu kumi za siklamati kwa moja ya sakarini hufunikana kasoro. Soma kiboksi: mara nyingi utakuta miligramu 40 za siklamati na 4 za sakarini kwa kidonge. Kumbuka namba hizo, tutazihitaji.

Povu lililokutisha ni la bikaboneti, ileile ya mandazi, iliyotiwa pamoja na asidi kidogo ili kidonge kipasuke haraka kwenye maji. Hakuna sabuni humo.

Wengi wanafikiri utamu usio wa sukari ni uchawi wa maabara za Wazungu peke yake. Lakini stevia ni jani ambalo Waguarani wa Paraguay walikuwa wakitia kwenye vinywaji vyao zamani sana. Na katika misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, hapa Kongo pia, kuna mmea wa majani mapana unaoitwa katemfe. Tunda lake lina protini iliyo tamu kuliko sukari mara elfu mbili na zaidi, na viwanda vinaitumia. Jambo la asili si lazima liwe salama, na la maabara si lazima liwe sumu. Kila kimoja kinapimwa kivyake.

Kuhusu kansa, yule mama wa kanisani hakulitoa neno hilo hewani. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 na Constantin Fahlberg, katika maabara ya Ira Remsen huko Baltimore, na ikasaidia Ulaya wakati sukari ilipokosekana katika vita viwili vikuu. Katika miaka ya 1970 panya waliolishwa sakarini kwa wingi walipata uvimbe wa kibofu. Kanada ikaizuia mwaka 1977, na Marekani ikalazimisha onyo liandikwe kwenye paketi. Watafiti walipochunguza namna ilivyotokea, waliona kwamba mkojo wa panya una protini na madini kwa kiasi kikubwa. Sakarini nyingi ikiingia humo, chembechembe ngumu hujitengeneza na kukwaruza ngozi ya kibofu siku baada ya siku. Mkojo wa binadamu haufanyi hivyo. Mwaka 2000 Marekani iliiondoa sakarini kwenye orodha yake ya vitu vinavyoshukiwa kuleta kansa. Onyo likafutwa, lakini hofu ikabaki.

Siklamati ina historia yenye mzozo zaidi, na sitakuficha. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1969 baada ya jaribio la panya waliolishwa mchanganyiko kama huu wenu, kwa kipimo ambacho mtu angehitaji kunywa mamia ya chupa za soda kwa siku ili akifikie. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kansa hiyo. Hata hivyo Marekani haijairuhusu tena, huku Ulaya na nchi nyingine nyingi zinaiuza. Linalowafanya wataalamu waiwekee kikomo cha chini leo ni jambo jingine: bakteria wa matumbo ya watu fulani, si wote, huigeuza kuwa kemikali iitwayo sikloheksilamini, na kwa kiasi kikubwa kemikali hiyo ilidhuru korodani za panya. Ndiyo maana Ulaya inasema mtu asizidishe miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema 11.

Tupige hesabu ya Mama. Kilo 60 mara 7 ni miligramu 420. Vidonge viwili kwa vikombe vitano ni kumi. Kumi mara 40 ni 400. Kwa kipimo cha Ulaya, Mama anagusa kabisa ukingo. Kikomo hiki si mahali mtu anapoanza kuugua, kwani hupatikana kwa kuchukua kiasi ambacho hakikudhuru wanyama na kukigawanya, mara nyingi kwa mia. Akikipita siku moja hakuna kitu. Ila yeye anatumia kila siku, mwaka mzima, kwa hiyo ningependa apumue kidogo: kidonge kimoja kwa kikombe, au vikombe vitatu badala ya vitano. Ulimi huzoea. Majuma mawili ya kwanza atanung'unika.

Kama angekuwa anatumia vidonge vya aspatame, hesabu ingekuwa nyingine kabisa. Kikomo chake ni miligramu 40 kwa kilo, kidonge kina kama 20, yaani angehitaji zaidi ya mia moja kwa siku. Aspatame ndiyo iliyotikisa watu mwezi wa saba 2023, shirika la utafiti wa kansa la OMS (Shirika la Afya Duniani), lile la Lyon, lilipoiweka kwenye kundi la vitu ambavyo «huenda» vikaleta kansa. Kundi hilo linasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Siku hiyohiyo kamati nyingine ya OMS na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipitia ushahidi na kukiacha kikomo palepale. Mtu wa kilo 70 angepaswa kunywa zaidi ya makopo 9 mpaka 14 ya soda ya «light» kwa siku ili akipite. Mwaka 2022 watafiti wa Ufaransa waliofuatilia watu zaidi ya 100,000 waliona kansa ikiongezeka kidogo kwa watumiaji wakubwa wa aspatame. Shida ya utafiti wa namna hiyo ni kwamba anayekunywa vitu vya «light» mara nyingi ni yule aliyekwisha kunenepa au kuwa na sukari, na mambo hayo yenyewe yanaleta kansa. Sitasema habari imekwisha. Nasema kwamba, kwa ninayoyajua, hatari hiyo kama ipo ni ndogo sana mbele ya hatari ya sukari isiyodhibitiwa. Wachache waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria ndio wasioruhusiwa aspatame kabisa.

Figo? Sakarini hutoka kupitia figo, kama vitu vingi, lakini kupita si kuharibu. Kinachomaliza figo za watu wa Bukavu ninaowaona ni sukari ya juu na presha ya juu zilizoachwa miaka mingi, na mara nyingine dawa za maumivu zinazomezwa kila siku bila kuuliza.

Asali ni sukari. Sehemu kubwa yake, kama asilimia 80, ni glukosi na fruktosi, na inapandisha glisemi, yaani sukari ya kwenye damu, kama kawaida. Sukari ya kahawia, muwa na juisi ya marakuja iliyotiwa sukari ni hivyohivyo. Najua asali ina heshima yake kwetu, na mimi naipenda, lakini kumshauri mgonjwa wa sukari abadilishe vidonge kwa asali ni kumrudisha alikotoka.

Je, vidonge vinamsaidia Mama? Kama zamani alitia vijiko viwili katika vikombe vitano, hiyo ni gramu 40 za sukari kila siku, na OMS tangu 2015 inasema ingekuwa bora zaidi mtu mzima asipite gramu 25 hivi. Hapo vidonge vimeondoa mzigo wa kweli. Utasikia pia kwamba mwezi wa tano 2023 OMS ilishauri watu wasitumie vitu hivi kwa ajili ya kupunguza uzito. Ni kweli, kwa sababu kwa muda mrefu havionyeshi kupunguza mafuta mwilini. Lakini ushauri huo wenyewe unasema hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na wengi wanaourudia wanaikata sentensi hiyo.

Jambo moja zaidi la kupima kwa macho yenu wenyewe: watafiti wa Israeli walionyesha mwaka 2022 kwamba sakarini na sukralosi zilibadilisha bakteria wa matumbo, na kwa baadhi ya watu glisemi ilipanda zaidi baada ya kunywa glukosi. Kwa baadhi, si wote. Kama mna mashine, Mama apime asubuhi kabla ya kula kwa juma moja akitumia vidonge, na juma moja akinywa chai bila utamu wowote, chakula na dawa zikiwa zilezile. Damu yake itawajibu vizuri kuliko mimi.

Na tafadhali mtazame sahani. Bonge la bugali la gramu 300, liwe la mahindi au la muhogo, hukaribia gramu 75 za wanga, na wanga wote huo unageuka glukosi. Nimeona wazee wanaotia vidonge kwenye chai kwa uangalifu mkubwa, kisha wanamaliza bonge mbili na kulala. Mpunguzie Mama bugali mpaka ukubwa wa ngumi yake, ongeza sombe au lengalenga, maharagwe kidogo, sambaza wa ziwani. Ila asipunguze wanga ghafla huku akiendelea na glibenklamidi ileile bila kumwambia daktari, tutarudi kwenye kutetemeka.

Mandazi: sakarini na siklamati huvumilia moto, aspatame hupoteza utamu ikipikwa muda mrefu. Lakini utapata mandazi meupe yasiyotaka kubadilika rangi, maana sukari ndiyo inayoyapa ule wekundu, na unga na mafuta vitabaki vilevile. Kwa Mama si mandazi salama. Afadhali apate andazi moja la kawaida Jumapili baada ya chakula.

Mtoto asivile. Kwa kilo 16 za mtoto wa miaka minne, kikomo cha Ulaya ni miligramu 112, yaani vidonge visivyofika vitatu. Vichache alivyokula havitamdhuru, usimpeleke mbio hospitalini. Hofu yangu kubwa ni kwamba kiboksi cha vidonge vya utamu na kile cha glibenklamidi vinakaa kwenye meza moja, na mtoto ameshafundishwa kwamba vidonge vya Bibi ni vitamu. Kidonge kimoja cha glibenklamidi kinaweza kumwua mtoto wa umri huo. Fungieni vyote juu. Siku ukishuku amemeza kile cha dawa, usingoje aonyeshe dalili, mpeleke saa hiyohiyo.

Kwa hiyo msivitupe, vipunguzeni. Lakini juma hili Mama aonane na daktari, kwenye kituo chenu au Hospitali Kuu ya Mkoa. Ampime kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kwa sababu figo zikichoka glibenklamidi hujikusanya mwilini, na mtu wa zaidi ya miaka 60 mara nyingi hufaa kubadilishiwa dawa isiyoshusha sukari kwa ukali hivyo. Mchukue kiboksi cha yaya na dawa zote. Asiache dawa mwenyewe kabla ya hapo, ila asimeze glibenklamidi siku ambayo hana hakika ya kula. Akipimwa na kukutwa zaidi ya 300 (mg/dl) huku anatapika au kiu haiishi, au akiwa na kidonda mguuni, msingoje siku ya miadi.

Na yaya yako akiuliza atume nini safari ijayo, mwambie atume bandeleti za kupimia sukari. Mpige picha mashine yenu kwanza ili anunue zinazoingia humo, na aangalie tarehe ya kuisha kabla hajalipa.